Siku moja na faili la mauaji, Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya tangawizi, mahamri mawili, faili mezani. Mimi ni wakili wa mshtakiwa. Kesi ya mauaji ambayo hakuna aliyeona pigo haisomwi kama hadithi. Nachora karatasi moja pana, safu tatu: saa, nani kasema, kielelezo nambari ngapi. Penye tundu napiga duara jekundu. Leo yako matatu.

Saa mbili na nusu. Gari la magereza kutoka Shimo la Tewa limekwama kwenye foleni ya daraja la Nyali. Mamake mshtakiwa yuko barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo damu ya shati si ndiyo imemmaliza?"

"Bado, mama. Damu yasema imetoka kwa nani. Haisemi imefikaje pale."

Saa nne. Shahidi wa saba, askari aliyekusanya vielelezo. Shati la mshtakiwa lilichukuliwa tarehe 3, likafika kwa mkemia wa serikali tarehe 11. Siku nane hizo ndizo duara la kwanza. Lilifungwa kwenye nini? Plastiki. Nguo yenye unyevu haifungwi kwenye plastiki, hasa kwa joto hili la pwani: huota kuvu, vinasaba vikaharibika. Hukaushwa kwanza, ikatiwa mfuko wa karatasi ya khaki, ikapigwa lakiri na sahihi. Wakili mchanga angeng'ang'ania hapo, lakini majibu ya maabara yalitoka, tena wazi, kwa hiyo kuvu haimsaidii mtu. Swali lenye uzito ni jingine: mfuko ulikuwa na nini zaidi? Askari apekua daftari. Fulana ya marehemu. Mfuko mmoja, nguo zote mbili, zikiwa bado mbichi: damu ya fulana yaweza kuwa ilihamia kwenye shati humohumo. Nasema, "Sina swali zaidi, Mheshimiwa," nakaa. Ukiuliza la ziada, wampa nafasi ya kujieleza.

Saa saba. Viazi karai na ukwaju, kwa haraka.

Saa nane na robo. Duara la pili: ofisa wa kampuni ya simu. Cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachothibitisha rekodi za kielektroniki, kiko sawa, kwa hiyo sipingi. Saa 5:02 usiku simu ya mshtakiwa ilishikwa na mnara wa Likoni, karibu na mwili ulipopatikana. Ila mnara huonyesha eneo, si nyumba, na mshtakiwa anaishi hukohuko. Naomba asome usiku sita uliotangulia. Mnara uleule, kila usiku.

Saa kumi jioni, ofisini. Naanza kuandika hoja za mwisho. Kipimo cha kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mazingira, pasipo aliyeona, ni kile cha Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kesi ya Kipkering arap Koske, 1949: mambo yanayomtia hatiani yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa njia nyingine yoyote ya maana. Simoni Musoke, 1958, ikaongeza: kusiwe na jambo jingine la kudhoofisha hitimisho hilo. Ule mfuko naona unaingia hapo. "Huenda kulikuwa na mtu mwingine" haiingii, kwa sababu haina kielelezo nyuma yake. Shaka ya maana hutolewa ndani ya faili.

Linalouma ni uongo. Mshtakiwa aliwaambia polisi hakumwona marehemu siku ile, na muuza kahawa aliwaona pamoja kwenye feri saa 4:10 usiku. Mtu huongopa kwa hofu pia, na uongo peke yake hauthibitishi mauaji, lakini ukiungana na damu una uzito. Siufichi, nauandikia aya yake.

Saa mbili usiku. Duara la tatu: kutoka 4:10 hadi mwili ulipopatikana alfajiri saa 11:40. Saa saba na nusu. Pengo likirefuka, "alionekana naye mara ya mwisho" inapungua nguvu. Kesho ni zamu ya daktari, wa kukadiria saa ya kifo. Swali la kwanza: joto la mwili lilipimwa palepale ufukweni, au baada ya kutolewa kwenye jokofu?