Usiku wa Februari ndani ya SOFIA

Mkutano wa kabla ya safari ya SOFIA, ndege iliyobeba darubini ya kutazama anga, ulifanyika Palmdale, California, saa mbili hivi kabla ya kuruka. Walikuwapo marubani, waendesha darubini, mafundi wa kifaa cha kupimia, mwanasayansi aliyeomba muda wa kutazama nyota zake, mkuu wa msafara, na sisi walimu wawili wa sekondari. Kila kikundi kilieleza hali ya kitu chake: ndege, darubini, kifaa, hewa. Habari ya hewa ndiyo iliyochukua muda mrefu. Ramani iliyotundikwa ukutani haikuonyesha mawingu tu, ilionyesha mvuke wa maji juu ya Pasifiki, na wakubwa waliujadili mvuke huo kama wavuvi wanavyojadili upepo.

Sababu yake ni hii. Mionzi infraredi, ambayo ngozi huihisi kama joto, sehemu yake kubwa hunyonywa na mvuke wa maji kabla haijafika ardhini. Aliyelala Mombasa au Dar es Salaam usiku wa Machi, shuka limemganda mwilini, anaujua mvuke huo. Kupanda mlima kunasaidia, lakini kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895 ni kama nusu tu ya kimo kinachotakiwa. SOFIA iliruka kati ya futi 38,000 na 45,000, yaani kama kilomita 12 hadi 14, na huko zaidi ya asilimia 99 ya mvuke huo huwa imebaki chini.

Yenyewe ilikuwa Boeing 747SP, ile 747 fupi, iliyotobolewa ubavu wa kushoto nyuma ya bawa ili darubini yenye kioo cha mita 2.7 ichungulie nje. Ilimilikiwa na NASA pamoja na shirika la anga la Ujerumani, DLR. Kupandisha walimu hakukuanza nayo. Ndege iliyoitangulia, Kuiper, C-141 yenye darubini ya sentimita 91 iliyofanya kazi kuanzia 1974 hadi 1995, ilikuwa imekwisha kuwachukua walimu miaka ya 1990. Ndege ile ndiyo iliyozigundua pete za Uranus mwaka 1977.

Walimu hatukupanda kama abiria. Kwanza tulisoma kozi ya astronomia kwa njia ya mtandao, kisha tukafundishwa usalama: kuvaa kofia ya oksijeni kabla moshi haujakujia, kuvaa jaketi la uokoaji, kutoka kwa mlango wa dharura gizani. Tuliambiwa tubebe koti zito, kwa kuwa ndani ya ndege ile hapakuwa na starehe ya ndege ya abiria. Kuta zilikuwa na nyaya, sakafu ilikuwa baridi, na ngurumo ilizidi sauti ya mtu, hivyo kila mmoja alivaa hedfoni na kuchagua mkondo wa kusikiliza. Nashauri mwalimu yeyote apataye nafasi kama hiyo asikilize mkondo wa waendesha darubini kwanza. Huko ndiko kazi inakosikika ikifanyika.

Tuliruka saa moja usiku. Mpaka wa chumba cha darubini ulikuwa ukuta mzito: upande wa pili hewa ni ile ya nje, nyembamba na chini ya sifuri kwa makumi ya digrii, upande wetu hewa ya kuvuta. Mwanga ulipita katikati ya ukuta huo kwa bomba na kuingia kwenye kifaa, usiku ule kamera ya infraredi iitwayo FORCAST, ambacho vipokezi vyake vilipozwa kwa naitrojeni na heli za kimiminika. Kisingepozwa, kingejiona chenyewe kikiwaka. Kitu chochote chenye joto hutoa mionzi infraredi, na darubini yenyewe ni kitu chenye joto, hata ikiwa imeganda kwa baridi.

Jambo jingine ambalo halijaandikwa katika vitabu vyetu vya shule ni kwamba nyota ndizo zilizopanga njia. Darubini ilitazama kushoto tu, na ingeweza kuinuka takriban kati ya digrii 20 na 60 juu ya upeo. Basi ukitaka kutazama kusini, ndege sharti iende magharibi. Ukitaka kaskazini, iende mashariki. Mwezi wa Februari kundi la nyota la Orioni huwa kusini mapema usiku, kwa hiyo tulitoka kwenda magharibi juu ya bahari tukiitazama nebula yake, wingu la gesi na vumbi mahali nyota zinapozaliwa, umbali wa miaka ya nuru kama 1,350. Baada ya usiku wa manane galaksi ya M82 huwa juu upande wa kaskazini, kwa hiyo tulirudi nyumbani tukiitazama hiyo. Kati yake kulikuwa na vipande vifupi vya kugeuza na kusawazisha. Rubani hakuruhusiwa kunyoosha njia kwa sababu tu ni fupi, wala kuchelewa, maana anga haisubiri: dakika kumi zikipotea, nyota imehama na mwelekeo wote unapigwa hesabu upya.

Tulipofika kwenye Orioni, skrini ilionyesha weupe mtupu. Hakukuwa na kasoro. Anga na darubini vinang'aa katika infraredi kupita kitu chenyewe mara nyingi mno, na kukitafuta ni kama kutafuta kibatari mchana. Dawa yake ni kutoa. Kioo cha pili, kile kidogo, hucheza mara kadhaa kwa sekunde kati ya sehemu mbili: moja yenye kitu, nyingine anga tupu. Ukitoa picha ya pili katika ya kwanza, mng'ao wa anga unafutika. Lakini kioo kikiinama huku na kikiinama kule hakiioni darubini sawasawa, kwa hiyo baki kidogo husalia. Ndipo darubini nzima husogezwa kila baada ya muda mfupi ili sehemu zile mbili zibadilishane zamu, na kasoro ya upande mmoja ifutwe na ya mwingine. Niliitazama nebula ikijitokeza katika weupe ule, pande baada ya pande, na mwanafizikia aliyekaa mbele yetu hakuinua kichwa, alikuwa akihesabu.

Njiani tulikuta mtikisiko wa hewa. Sehemu ya darubini inayoingia chumba cha watu ilionekana ikipanda na kushuka, nasi tukadhani inayumba. Kumbe ndiyo pekee iliyotulia. Uzito wake wa tani 17 hivi uliegemea beringi ya duara inayoelea juu ya mafuta, jairoskopu, vifaa vinavyohisi mgeuko, zikaiambia iliko, na ndege ndiyo iliyokuwa ikicheza kuizunguka. Nafasi yake ya kucheza, hata hivyo, ilikuwa digrii chache. Mtikisiko ulipozidi, mwendeshaji aliifunga breki kabla haijagonga mwisho wa njia yake, na nyota ya kuongozea ikaruka nje ya skrini. Ilichukua dakika kumi na moja kuipata na kuanza tena. Dakika hizo hazikurudishwa. Kipande kilichofuata kilikuwa kimefungwa na saa ya M82, na mwanasayansi alikata picha zake za mwisho za Orioni bila kubishana na mtu.

Alfajiri, kabla ya kushuka, mlango wa darubini ulifungwa tukiwa bado juu. Kioo kilichokaa kwenye baridi usiku kucha kikikutana na hewa yenye unyevu, umande unakiganda kama glasi ya maji ya barafu pwani. Maji tuliyoyakimbia usiku mzima yalikuwa yakitungoja chini.

Darasani nilipeleka boksi. Ni jaribio la mwanaastronomia William Herschel la mwaka 1800, lililoonyesha kwamba kuna mionzi infraredi, na vifaa vyake hupatikana: katoni yenye karatasi nyeupe chini, prizimu, kioo kinachotawanya mwanga wa jua kuwa rangi, iliyobanwa kwenye ukingo wa juu, na vipimajoto vitatu vya spiriti vyenye ncha ya chini iliyopakwa wino mweusi. Viache kivulini dakika tano, andika. Kisha kimoja kwenye buluu, kimoja kwenye njano, cha tatu gizani, pembeni kabisa mwa nyekundu, na usome kila dakika kwa dakika tano.

Mara ya kwanza haikufaulu. Ncha hatukuzipaka vizuri, upepo ukaingia, na jua lilipohama rangi zikahama nazo huku vipimajoto vimebaki palepale. Mara ya pili tulikinga upepo kwa ubao, tukainua upande wa boksi unaoelekea jua ili rangi zitanuke, na mtoto mmoja akawekwa kazi moja tu ya kugeuza prizimu kidogo kidogo. Kipimajoto cha gizani kikapanda kuliko vyote.

Wengi walishangilia. Msichana mmoja wa nyuma hakushangilia. Aliuliza kama kipimajoto kile hakikuwa cha juu tangu mwanzo, akaomba tukihamishie kwenye buluu na cha buluu tukilete gizani, halafu tupime tena kabla jua halijaondoka. Nilikuwa nimewasimulia habari ya kioo cha pili na kubadilishana zamu wiki moja kabla, bila kutaja vipimajoto hata kidogo. Tukavirudisha kivulini, tukasubiri dakika tano, tukabadilisha.