Miaka Sabini na Mana ya Siku Moja

Neno la juma hili: Zaburi 90:10-17

Zaburi ya 90 ndiyo pekee katika kitabu chote inayobeba jina la Musa, na ndani yake imo hesabu ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo: "Siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu miaka themanini." Musa alikiona kizazi kilichotoka Misri kikiisha jangwani kwa muda wa miaka 40, kaburi baada ya kaburi, kwa hiyo anapoomba, "Utujulishe kuzihesabu siku zetu," anaomba akiwa amezika wengi.

Kila kiumbe kina kadiri yake. Tembo huishi miaka 60 hadi 70, na mara nyingi kinachomwekea ukomo ni meno. Maishani mwake huota seti sita za magego; moja ikilika, nyingine husogea kutoka nyuma ya taya kushika nafasi yake, lakini ya sita ikishaisha hakuna inayofuata, na mzee huyo hubaki akitafuta majani laini kandokando ya mabwawa hadi njaa inapomshinda. Nyuki mtendakazi, wakati wa maua, huishi wiki sita hivi. Huanza kwa kusafisha vyumba vya sega, kisha hulisha majana na kujenga kwa nta, na baada ya wiki kama tatu ndipo hutoka kutafuta maua, akiruka mpaka mabawa yake yachanike. Asali yote anayoichangia ni kama sehemu ya 12 tu ya kijiko cha chai, na nyingi yake italiwa na nyuki ambao bado hawajazaliwa. Hata mbuyu una mwisho: ule wa Panke nchini Zimbabwe, uliokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,450 hivi, ulikufa kati ya mwaka 2010 na 2011.

Je, katika hao nyuki amedhulumiwa? Sioni hivyo, kwa kuwa hakuna kazi ya nyuki ambayo hakuifanya.

Maandiko yanatupeleka mbali zaidi ya hapo. Katika Kutoka 16, mana iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka. Ile ya siku ya sita ilikaa mpaka Sabato bila kuharibika. Na pishi iliyotiwa ndani ya kopo na kuwekwa mbele za Bwana ilitunzwa kwa ajili ya vizazi vilivyofuata. Chakula kilikuwa kilekile, kilichookotwa juu ya ardhi ileile, ila kila fungu lilidumu kwa kadiri ya lililokusudiwa. Vivyo hivyo mavazi ya Waisraeli hayakuchakaa kwa miaka 40 ya safari, ilhali sisi shati tunalolifua kila juma huanza kulika kwenye kola kabla hatujalizoea.

Nayasema haya kwa sababu ya maneno tunayoyatamka matangani. Mzee wa miaka 85 akifariki tunasema amekula chumvi nyingi, na tunashukuru. Kijana wa miaka 20 akifariki tunanong'ona, huku mama yake akisikia, kwamba maisha yake yamekatika bure. Uchungu ni halali, na machozi ni halali, wala simwambii mfiwa ayazuie. Lakini hilo neno "bure" ndugu zangu tuliache, maana hatukuiona kadiri aliyopimiwa, na huenda wapo watu wanaoishi leo kwa wema aliouacha katika miaka hiyo 20.

Musa mwenyewe alifikisha miaka 120, na Kumbukumbu la Torati 34:7 inashuhudia kwamba macho yake yalikuwa hayajafifia wala nguvu zake hazijapungua. Hakufa kwa kuishiwa, kama tembo anavyoishiwa meno. Katika zaburi yake anaomba rehema, anaomba furaha ya kufidia siku za mateso, wala haombi kuongezewa hata mwaka mmoja. Ombi lake la mwisho, analolitamka mara mbili, ni hili: "Kazi ya mikono yetu uithibitishe." Na mstari wa tisa wa sura ile ya kifo chake unasema kwamba Yoshua, mwana wa Nuni, alikuwa amejaa roho ya hekima, kwa maana Musa alikuwa amemwekea mikono yake.