Nilivyomzoesha mbwa kushinda na kuku wa kienyeji bila kuwagusa

Huku kwetu Luchelele, Mwanza, ukifuga kuku wa kuachia lazima uwajue nguchiro utake usitake, wanatoka kwenye mawe mchana kweupe, wananyakua kifaranga we unaangalia afu wanapotelea huko huko kwenye mawe. Mwewe naye yuko juu, na ukisogea kule chini ziwani kuna kenge, huyo kwa mayai hajambo. Ndo maana nilitaka mbwa wa kushinda nje na kuku mchana, sio yule wa kufungiwa kutwa nzima mpaka giza liingie kama wengi tunavyofanya. Jamaa yangu wa Igoma akanipa dume la kienyeji, miezi kama saba hivi, tukamwita Tomi. Watu wanasema mchukue akiwa mdogo kabisa, na ni kweli mdogo ni rahisi zaidi, ila hata huyu mkubwa alifundishika, inakula muda tu.

Kwanza elewa mbwa hana ugomvi na kuku. Kinachomwasha ni mbio. Kuku akitulia anaparua zake mbwa wala hana habari naye, ila akipiga mabawa na kukimbia huku anapiga kelele basi mbwa anajikuta keshatoka. Kwa hiyo mi sikutaka Tomi awaogope kuku, nilitaka awachoke, yaani awaone kama anavyoona ndoo au mti wa mwembe.

Nilianza jioni kuku wakiwa wanarudi bandani wametulia, asubuhi hapana, maana ukifungua banda wanatoka na vurugu. Kwanza natembea naye mpaka ziwani na kurudi ili apunguze nguvu, afu namfunga kamba ndefu ya manila tunakaa mbali, pale ambapo anawaona kuku ila hajapandisha mzuka. Akiwaangalia namwacha. Akigeuza shingo kuniangalia mimi, hapo hapo anakula dagaa, dagaa mkavu wa Mwaloni pale Kirumba, mmoja mmoja, wala huhitaji vile vibiskuti vya bei vya madukani. Shida inaanza akikaza macho, masikio mbele, mdomo kaufunga na mguu mmoja kaunyanyua. Hapo usisubiri aruke ndo uvute, nasema "wacha" kwa sauti ya kawaida tu narudi naye nyuma mpaka alegee, kesho yake tunajaribu kusogea tena. Kuna siku tulikuwa tunasogea, kuna siku tunarudi kule kule nyuma, ndo hivo.

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa anatuangalia juu ya ukuta, siku moja nimemwamkia akaniambia "Marhaba kijana, unajisumbua bure, kuku akifa mfunge huyo mbwa shingoni akae naye mpaka aoze, hatarudia." Nikamwambia sawa mzee nimekusikia, basi nikaishia hapo. Kiukweli hiyo dawa naiona ni ya kumtesa mbwa tu, anatembea na mzoga unanuka, nzi juu, atajuaje kwamba ni kwa sababu ya jambo alilofanya juzi? Na fimbo ni hivo hivo, ukimpiga mbele ya kuku anajifunza kuku ni hatari ukiwepo wewe, ukienda kazini anamaliza kazi yake.

Sasa kitu ambacho naona watu hawakiongelei ni sisi wenyewe binadamu. Mgeni akija nyumbani kuku anakamatwaje? Watoto wote wanatimua uwanjani, huku wanacheka, huku wanapiga kelele mkamate mkamate, na mbwa yupo anaangalia. Unategemea yeye aelewe nini? Kwake huo ni mchezo wa familia. Nikakaa na mama watoto tukakubaliana kuku wa kuchinja anashikwa usiku bandani au alfajiri kabla hatujafungua, na kukimbiza kuku ikawa marufuku. Kuchinja kunafanyika nyuma ya nyumba Tomi akiwa amefungwa, manyoya na utumbo vinafukiwa shimo refu. Na kuku akijifia usimtupie mbwa! Hii tabia tunayo sana, tunaona ni kuokoa mboga ya mbwa, kumbe unamfundisha kuku ni chakula, na kama kafa kwa kideri, ule ugonjwa wa kuku, ndo unakisambaza uwanja mzima. Mi kuku nawachanja kideri kila miezi 3, tone jichoni, na Tomi anapata ya kichaa cha mbwa kila mwaka.

Msosi wake ni dona na mapanki, yale mabaki ya samaki, nachemsha natoa ile mifupa migumu, na anakula kwenye kona yake kageti kamefungwa, kwa sababu kuku wanapenda kuja kudonoa sahani ya mbwa na hapo hata mbwa mpole anaweza kung'ata.

Baadaye nikamwachia kamba anaiburuza mwenyewe ili akianza ujinga niikanyage. Aliyemalizia mafunzo sio mimi ni tetea mmoja mwekundu mwenye vifaranga, Tomi kapeleka pua kunusa tu, mama karuka kamkalia usoni na kucha, jamaa kalia kama mtoto akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, na mpaka leo akimuona yule tetea anazunguka mbali. Saivi analala kivulini kuku wanaparua pembeni yake hapo hapo, ila nguchiro akichungulia kwenye mawe ni moto.

Nikisafiri lakini bado namfunga, simwamini kihivo. Afu kuku wageni nikinunua mnadani narudia kuwatambulisha jioni na kamba, anawajua wa kwetu sio kuku wote wa dunia. Jirani naye kaleta bata, wanakuja hadi kwetu wamepanga mstari polepole afu ghafla wanatimka wote kwa pamoja, na Tomi keshaanza kunyanyua ule mguu mmoja, kwa hiyo manila nimeitoa tena stoo na dagaa wa wiki hii nimeshanunua.