Reli ya Siemens: Stesheni Zilizojengewa Wafanyakazi wa Viwanda Mjini Berlin

Mtaa ninaoishi hapa Berlin, Siemensstadt, una jina la kampuni, na reli inayopita juu yake ilijengwa na kampuni hiyohiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Siemens, kampuni ya vifaa vya umeme ambayo majengo yake ya katikati ya jiji yalikuwa hayatoshi tena, ilinunua mbuga za kando ya mto Spree kati ya Charlottenburg na Spandau, ikaanza kuhamishia huko viwanda vyake kimoja baada ya kingine. Ilikuwa ardhi ambayo karibu hakuna aliyeishi, kwa hiyo nafasi ya kujenga ilikuwapo tele, lakini njia ya kuwafikisha watu kazini haikuwapo. Mwaka 1905 ilifunguliwa stesheni ya Fürstenbrunn ng'ambo ya mto, na wafanyakazi walioshukia hapo walimalizia safari kwa miguu. Sisi tuliokulia kando ya Reli ya Kati tumezoea kuona stesheni ikitangulia na mji ukikua kuizunguka. Hapa kiwanda ndicho kilichotangulia.

Kufikia miaka ya 1920 walioajiriwa katika viwanda hivyo walikuwa makumi ya maelfu, na kampuni ikaamua kujenga reli yake. Siemens ilitoa ardhi na kugharimia ujenzi, kisha shirika la reli la taifa, Reichsbahn, likaendesha treni. Njia hiyo ya umeme, yenye urefu wa takribani kilomita 4.5, ilifunguliwa mnamo Desemba 1929, ikichepuka kutoka Jungfernheide na kupitia Wernerwerk na Siemensstadt hadi mwisho wa reli Gartenfeld. Mwenye kusanifu stesheni hizo alikuwa Hans Hertlein, msanifu majengo wa kampuni, ambaye ndiye pia aliyesanifu mnara wa saa wenye urefu wa mita 70 unaoonekana kutoka mbali. Ndani ya mnara huo mmefichwa bomba la moshi la kiwanda. Wapo wanaoizungumzia reli hiyo kama hisani ya mwajiri. Mimi naona hesabu zaidi kuliko hisani, kwa kuwa mashine haiwezi kuanza zamu ikiwa anayeiendesha bado yuko njiani.

Ukitaka kuielewa reli hiyo, itazame kwenye stesheni ya Wernerwerk, iliyopewa jina la Werner von Siemens, mwanzilishi wa kampuni. Reli inapita juu ya barabara, imebebwa na nguzo za chuma zilizopigwa ribiti, na abiria alishuka kwa ngazi akajikuta karibu kabisa na kuta za matofali za kiwanda. Hakuna uwanja wa kupumzikia wala soko mbele yake, maana aliyeshuka hapo hakutarajiwa kukawia.

Vita viliharibu njia hiyo, lakini haikufa kwa mabomu. Baada ya mwaka 1945 treni zilirejea, ila kampuni ilikuwa imeanza kuhamishia uongozi wake Munich, na Berlin ikagawanywa. Kwa makubaliano ya washindi wa vita, treni za mjini ziliendelea kuendeshwa na Reichsbahn ya Ujerumani Mashariki hata katika upande wa magharibi, kwa hiyo ukuta ulipojengwa mwaka 1961, wakazi wa Berlin Magharibi walihimizwa wasizipande, wakiambiwa kwamba nauli yao inanunua seng'enge ya kuwafungia ndugu zao. Mabehewa yakabaki karibu matupu, mabasi yakajaa. Mnamo Septemba 1980 wafanyakazi wa Reichsbahn waliokuwa wakiishi Berlin Magharibi waligoma wakidai mishahara na hali bora za kazi. Reichsbahn, badala ya kuwasikiliza, ilifunga sehemu kubwa ya njia zake za upande huo, ikiwamo ya Siemens. Reli iliyojengwa ili wafanyakazi wafike kazini ilizimwa kwa sababu wafanyakazi wengine waliweka kazi chini. Mwezi uliofuata treni ya chini ya ardhi, U7, ikafika stesheni ya Rohrdamm hapa Siemensstadt, na wakazi wengi hawakuona pengo.

Kwa miongo kadhaa iliyofuata miti yenye magome meupe iliota katikati ya mataruma, mizizi ikipenya kokoto, na daraja la Spree likaondolewa. Kilichosalia kikawekwa chini ya ulinzi wa majengo ya kihistoria, jambo ambalo liliizuia isigeuzwe chuma chakavu.

Mwaka 2018 Siemens ilitangaza kuwekeza hadi euro milioni 600 ili kugeuza eneo lake la viwanda kuwa mtaa wa ofisi, utafiti na makazi, na serikali ya jiji ikaahidi kuifufua reli. Lengo lililotangazwa ni treni kurudi mwaka 2029, reli itakapotimiza miaka 100. Mafundi wameshaingia kwenye nguzo za chuma, na daraja la Spree lazima lijengwe upya. Safari hii abiria wanaotarajiwa si watu wa zamu tu, bali pia wapangaji wa nyumba mpya zinazojengwa Gartenfeld, penye viwanja vya kiwanda cha zamani cha nyaya. Majirani zangu wazee wanaisubiri kwa hamu, ilhali sisi wapangaji tunajiuliza kodi ya nyumba itapanda kiasi gani stesheni itakapofunguliwa, na hadi sasa sijasikia ahadi yoyote kuhusu hilo.