Leo hamnibebi?

Leo nimempeleka mama kliniki kwa basi, hapa Des Moines, Marekani.

Dereva alipoona kiti chake cha magurudumu akabonyeza kitufe. Ubao wa kupandia ukashuka taratibu mpaka ukagusa lami.

Mama akanigeukia: "Leo hamnibebi?"

Nyumbani tulizoea kumbeba mgongoni. Nilishindwa kumjibu, koo lilikaba.

Ubao ule umetokana na sheria ya haki za watu wenye ulemavu, iliyopita 1990. Aliyeipigania katika Seneti ni Tom Harkin, seneta wa hapa hapa Iowa, jimbo la mahindi. Kaka yake alikuwa kiziwi, na Harkin akahutubia Seneti kwa lugha ya alama!

Alikuwa seneta miaka 30, hadi 2015. Mimi nitamkumbuka kwa ubao ule.

Wenye wazazi kwenye viti, huko mliko mnapandaje basi?