Mwani wa kulisha viluwiluwi vya chaza kwenye joto la Mtwara

Chaza mkubwa aliyening'inizwa kwenye kamba Mikindani hujitafutia chakula. Kiluwiluwi, yaani chaza mchanga ndani ya tangi, hana njia hiyo: anakula mwani uliomwekea, basi; si ule wa kamba, bali mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Ndiyo maana kituo cha kutotolesha chaza huanzia kwenye chumba cha mwani, na mara nyingi hufia humo humo.

Kwa pwani yetu anza na Chaetoceros muelleri, kwa sababu unastahimili joto. Mwani mwingine, Isochrysis aina ya Tahiti, ni chakula kizuri mno, lakini chumba kikipita nyuzi 30 mwani huo unaanza kuyumba. Paa la makuti ni bora kuliko bati. Tumia taa nyeupe za LED, usitegemee jua la dirishani; mchana mmoja wa kaskazi unatosha kuichemsha chupa.

Chupa angavu za maji za lita 18 zinafaa sana. Chota maji ya bahari yakijaa, yachuje hadi mikroni 1. Chumvi ikiwa 35 (gramu kwa kila kilo ya maji), changanya lita 12 za bahari na 3 za maji baridi safi upate 28. Pima kila mara: wakati wa mvua, karibu na mdomo wa Lukuledi au Ruvuma, chumvi hushuka yenyewe.

Kwenye lita hizo 15 tia mililita 7.5 za jiki ya asilimia 5 ili kuua vijidudu. Soma lebo kwanza; ikiwa ni ya asilimia 3.5, tia 11. Acha usiku kucha, kisha ua klorini kwa gramu 0.75 za sodiamu thayosalfeti na upulize hewa saa moja. Klorini ikibaki, mbegu (mwani hai wa kuanzishia chupa) itakufa siku hiyo hiyo.

Virutubisho hukaa kwenye chupa tofauti. Kila lita ya akiba, yaani maji mazito ya kirutubisho kimoja, iwe na gramu 75 za sodiamu naitreti, au 5 za fosfeti, au 30 za silikati. Unatia mililita 1 ya kila akiba kwa lita moja ya maji, pamoja na madini madogo na vitamini B1, B12 na biotini. Silikati usiisahau: Chaetoceros hujengea ganda lake, na bila hiyo hauongezeki hata ukiupa naitreti nyingi kiasi gani.

Malizia na lita 2 za mbegu changa yenye nguvu. Hewa ipite kwenye kichujio au pamba kavu. Umeme ukikatika, tikisa chupa kwa mkono kila baada ya muda mfupi ili mwani usilale chini.

Rangi nzuri ni kahawia ya dhahabu. Ikififia, povu likazidi au tope likatanda chini, tazama tone kwa hadubini. Ukiona vijidudu vinakimbia huku na huku, vinaula mwani wako. Mwaga chupa yote, wala usiseme "viluwiluwi watakula tu": mwani unaokufa hubeba bakteria wanaoweza kumaliza tangi zima.

Kulisha ni hesabu. Tangi la lita 500 linalotakiwa chembe 50,000 za mwani kwa mililita, na chupa yako ina milioni 5 kwa mililita, linahitaji lita 5. Hesabu chembe kila asubuhi kabla ya kumimina, maana chupa ya jana si ya leo.