Njia Iliyorudi kwa Mlango wa Pili

Nilipopewa kazi ya kuunganisha mitandao miwili ya taasisi moja, mmoja wa Unguja uliotumia EIGRP na mwengine wa Chake Chake, Pemba, uliojengwa kwa OSPF, ambazo ni itifaki, yaani kanuni ambazo ruta, vifaa vya kuelekeza data, huzitumia kuambizana njia, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kuzifanya itifaki hizo zielewane. Kumbe hilo ni jepesi. Ruta ya mpakani huzisema zote mbili, na amri chache zatosha kuchukua njia za upande huu na kuzitangaza upande wa pili, ilimradi uziandikie kipimo, kwani EIGRP hupima kwa kasi ya kiungo na ucheleweshaji wake ilhali OSPF hupima kwa gharama, na ukisahau kipimo hicho njia za OSPF hazitokezi kabisa kwenye EIGRP.

Balaa lilianza tulipoweka ruta ya pili ya mpakani, maana sisi watu wa visiwani hatutegemei chombo kimoja. Paje palikuwa na mtandao mdogo wa RIP, itifaki nyingine ya njia, ambao njia zake ziliingizwa kwenye EIGRP kama njia za nje, yaani zilizotoka itifaki nyingine, na ruta zetu huzipa njia hizo daraja la 170. Ruta ya kwanza ikazitangaza Pemba. Ruta ya pili ikazisikia mara mbili, kwa EIGRP na kwa OSPF, ambayo daraja lake ni 110, na kwa kuwa namba ndogo ndiyo inayoaminiwa, ikaifuata OSPF, kisha ikazirudisha Unguja kama habari mpya, tena kwa kipimo nilichokiandika mwenyewe, kizuri kuliko cha asili. Ruta za Unguja zikakubali. Pakiti, yaani vipande vya data, za kwenda Paje zikawa zinavuka bahari, zinarudi, zinavuka tena, mpaka zinaishiwa umri, yaani idadi ya ruta zinazoruhusiwa kupitia, na kutupwa.

Nilizibandika lebo njia zote zinazotoka EIGRP, nikaziamuru ruta zote mbili zikatae kurudisha chochote chenye lebo hiyo, na vivyo hivyo kwa upande wa OSPF. Mzunguko ukakatika, lakini ruta ya pili iliendelea kuifikia Paje kwa kuzungukia Pemba, kwa sababu lebo huzuia kutangaza, haizuii kuamini. Hapo ndipo nilipopandisha daraja la OSPF hadi 180 kwa njia za Paje peke yake, si kwa zote, maana Pemba nayo ina njia zake za nje, na kosa lile lile lingezaliwa upya upande wa pili.